Majina Mawili Kwenye Simu ya Mama

Sehemu ya Tisa

"Usiguse!"

Enyonam aliupiga mkono wa fundi, kidole kikabaki kinaelea juu ya kioo.

Mliolishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, vuteni viti. Alhamisi iliyopita tulimwacha binti huyu katika kibanda cha fundi simu mjini Aflao, hatua chache kutoka geti la mpaka wa Togo. Mezani palikuwa na simu mbili zilizounganishwa kwa waya mmoja. Moja mpya, yenye maandishi makubwa, laini ya mama imeshatiwa humo. Nyingine kuukuu, kioo kimepasuka, kiuno kimefungwa mpira isifumuke. Hiyo kuukuu ni ya mama yake, Mama Kosiwa, muuza vitambaa vya kente, ambaye majuma matano yaliyopita kiharusi kilimpooza upande wa kulia na kumfunga ulimi.

Enyonam alitaka jambo moja tu. Kila kilichokuwa kwenye simu ile kihamie kwenye hii, ili mama aweze kuonyesha picha kwa mkono wa kushoto na kueleza anachotaka, na asikie sauti za wenzake wa kanisani.

Majina yakaanza kuhama. Ndipo simu mpya ikauliza: Enyonam na Enyonam, majina haya mawili yanafanana. Yaunganishwe?

Enyonam ni yeye, mtoto pekee wa Mama Kosiwa. Huyo wa pili ni nani?

"Dada, tulia," alisema fundi, Efo Sitsofe, akiusugua mkono uliopigwa. "Hili ni jambo la kila siku. Mimi kwenye simu ya mke wangu nimo mara nne. Efo, Efo Mpya, Efo Usipokee, na la nne sitalisema mbele ya mtoto wa watu."

"Nionyeshe namba."

Fundi alifungua. Namba ya kwanza ilikuwa yake Enyonam. Ya pili ilianza na 228.

"Ya Togo," fundi alisema. "Una laini ng'ambo?"

"Sina."

"Basi tuseme hapana, kila mmoja abaki na lake." Alibonyeza. Majina yakaendelea kuhama, kisha zikafuata jumbe. Fundi akaguna. "Huyu wa Togo kapendwa. Jumbe za sauti mia mbili na kumi na nne."

"Fungua mmoja."

"Hatufungui vitu wakati vinahama, dada. Ni sawa na kumvua mtu nguo akiwa anapanda ngazi."

"Efo, nakuomba. Fungua."

Fundi alimtazama usoni. Mzaha ukamwisha. Akafungua.

Sauti ya Mama Kosiwa ikajaa kibandani.

"Enyonam wangu, umeamkaje? Nasema polepole, mwenzio yuko uani anafua. Ile dawa ya kifua umekunywa? Usiniambie umekunywa kama hujanywa, mimi nakujua."

Nyuma ya sauti hiyo, mbali kidogo, mtu alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, nusu ya maneno hayajui, huku maji yakimwagika kwenye beseni.

Enyonam alikaa kitako juu ya kreti la soda.

Mwimbaji yule alikuwa ni yeye.

Majuma matano alikuwa ameitamani sauti ya mama yake. Alikuwa akijilaza chali na kujaribu kuikumbuka, akaanza kuogopa kwamba inamtoroka. Leo ameipata, nzima, yenye ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Lakini haikuwa ikisema naye. Ilikuwa ikimsengenya kwa upole, ikimficha, ikimwita "mwenzio".

"Dada, unataka maji?"

"Cheza mwingine."

"Siwezi. Angalia."

Mgongo wa simu kuukuu ulikuwa umenyanyuka. Mpira uliofungwa kiunoni ulikuwa umekaza mpaka unataka kukatika.

"Betri imevimba," alisema fundi. "Inaumuka kama andazi kwenye mafuta. Waya unaichosha, na kuitumia kunaichosha zaidi."

"Chomoa basi!"

"Nikichomoa, ambazo hazijahama zimekwenda na maji. Hizi sauti mama hakuzihifadhi mahali pengine. Zimo humu tu. Na simu hii ikizimika leo, dada, sikuahidi kwamba itawaka tena."

"Tumefika wapi?"

"Asilimia ishirini na sita."

Enyonam alifumba macho. Sauti mia mbili na kumi na nne za mama ambaye huenda hatasema tena. Zote ni za mtu mwingine.

"Acha ziendelee," alisema.

Efo Sitsofe alivuta sinia la mchanga kutoka uvunguni, akaliweka karibu. Akachukua kipande cha boksi na kuanza kuipepea ile simu, taratibu, kwa ustaarabu, kama anavyopepewa mgonjwa.

Asilimia ishirini na tisa. Thelathini na moja.

"Nani kakutuma?"

Mlango wa kibanda ulizibwa na mtu. Alikuwa Mjomba Agbeko, kaka yake Mama Kosiwa, mzee wa miaka sabini anayetembea na mkongojo asiouhitaji. Jasho lilikuwa likimchuruzika.

"Mjomba, shikamoo."

"Sijaja kusalimiwa. Nimetoka nyumbani kwenu. Jirani ananiambia umeondoka na simu ya dada yangu. Nani kakutuma uipekue?"

"Siipekui. Nahamisha vitu vyake kwenye simu mpya, ili aweze..."

"Mtu akiugua, hata chungu chake hakifunuliwi mpaka apone. Wewe umelelewa wapi?"

"Kwake," alijibu Enyonam. "Nimelelewa kwake. Mjomba, Enyonam wa Togo ni nani?"

Mzee alisimama kama aliyekanyaga mwiba. Macho yake yalikwenda kwenye simu, yakaenda kwa fundi, yakarudi kwenye simu.

Halafu mkono ule wa miaka sabini ukaenda mbio ambazo hakuna aliyezitarajia. Aliinyakua simu kuukuu, waya ukachomoka, akaitia mfuko wa shati.

"Mzee!" fundi alipiga kelele. "Itoe humo!"

"Sitoi! Hii naenda kuitupa chooni, na mambo yake yaishie huko."

"Mzee wangu, sisemi habari za siri, nasema betri! Itoe!"

"Mimi sitishwi na kijana wa bisibisi." Na ili kuonyesha kwamba hatoi, Mjomba Agbeko alikipiga kifua chake kwa kiganja, pale pale mfukoni.

Kitu kililia ts-s-s-s. Moshi mweupe ukachomoza mfukoni, ukampanda usoni. Mzee alitoa sauti nyembamba, akaanza kujizungusha akijipapasa, mkongojo ukaruka ukaangusha kabati la vioo.

Efo Sitsofe alimrukia. Alilishika shati kwa mikono miwili akalipasua kutoka ukosini mpaka kiunoni, akalivuta na simu yake, akalitupa kwenye sinia. Mwali wa moto ukapanda kama urefu wa mkono. Enyonam aliumwagia mchanga uliobaki, kiganja kwa kiganja, mpaka ukazimika.

Kibanda kikajaa harufu ya plastiki. Watu wa duka la jirani wakachungulia.

"Hakuna kitu," fundi aliwaambia akihema. "Mzee alikuwa anasikia baridi."

Mjomba Agbeko alikuwa ameketi chini, kifua wazi, duara jekundu limeanza kujichora upande wa moyo. Enyonam alilowesha kitambaa kwa maji, akapiga magoti, akamwekea juu ya jeraha. Mzee aliuma meno.

"Ningekufa," alisema.

"Ungekufa, mjomba."

Fundi alikuwa ameinamia ile simu mpya. "Dada, zimehama sitini na tatu. Nyingine hazipo tena. Lakini namba ipo."

Enyonam alinyoosha mkono akaipokea.

"Mwanangu," mjomba alisema, na sauti yake haikuwa tena ya ukali. "Usipige. Mama yako alituapisha. Ukipiga, hutarudi ulivyokuwa."

"Nimeshaacha kuwa nilivyokuwa," alisema Enyonam. Akapiga.

Simu haikulia hata mara mbili.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiewe chake kina mkato wa Lomé, mji wa ng'ambo ya geti. "Majuma matano, mama! Nimekukosea nini? Nimefika getini mara tatu nikasimama nikarudi, kwa sababu uliniapisha nisivuke. Sema kitu basi!"

Enyonam aliisogeza simu mdomoni.

"Mimi si mama. Mama ni mgonjwa. Amepooza, hawezi kusema."

Kwa mbali ilisikika pikipiki ikipita.

"Nani anaongea?"

"Mwanawe. Enyonam."

"Usinitanie, nakuomba. Leo sina nguvu ya utani. Enyonam ni mimi."

"Na mimi pia."

Yule mwanamke akavuta pumzi iliyokatika katikati.

"Basi ni wewe," alisema polepole. "Ni wewe unayeimba ukifua."

Enyonam alijikuta analia, na hakujua analilia lipi kati ya yote.

"Yuko hospitali gani?"

"Yuko nyumbani."

"Nakuja."

"Sijasema uje."

"Dada, hujasema nisije. Nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya kisima cha Wamethodisti. Naijua. Nimeelezwa miaka kumi na miwili." Simu ikakatika.

Mjomba Agbeko alikuwa amejifunika uso.

"Sasa niambie," Enyonam alisema. "Kabla hajafika."

Mzee aliongea akiitazama sakafu. Zamani, kabla ya kente na kabla ya mlango wa kijani, Kosiwa aliolewa Lomé na mtu anayeitwa Folly. Wakazaa binti, wakamwita Enyonam. Ndoa ikaharibika. Watu wa Folly wakamzuia mtoto, wakamfukuza mama, wakamwambia akivuka mpaka tena atajuta. Kosiwa akarudi Aflao mikono mitupu, na maziwa yanamdondoka.

"Mwaka huohuo," mjomba aliendelea, "mdogo wetu wa mwisho, Afi, alikufa akijifungua. Aliacha kichanga. Kosiwa akakibeba. Cheti cha kuzaliwa alichokuwa nacho kilikuwa cha yule wa Lomé. Akakitumia hichohicho. Kliniki, ubatizo, shule. Ndiyo ukawa Enyonam."

"Kwa hiyo Mama Kosiwa ni mama yangu mkubwa."

"Ni mama yako. Aliyekunyonyesha ni nani?"

"Na jina langu mimi? Kichanga hakikuwa na jina?"

Mjomba Agbeko alikawia kidogo. Kidogo tu, lakini Enyonam aliona.

"Hakikupewa," alisema. "Hapakuwa na muda."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mjomba alikuwa amevaa fulana ya Efo Sitsofe yenye picha ya simu kifuani, watoto wa mtaani wakamcheka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwatukana.

Mama Kosiwa alikuwa ameketishwa kwenye kiti chenye mto, karibu na dirisha, jirani akimlisha uji. Alipomwona Enyonam, upande mmoja wa uso wake ulitabasamu. Upande wa pili ulibaki pale pale.

Jirani akaaga. Mjomba hakuingia ndani. Alikaa barazani kwenye kiti chake cha kukunja.

Enyonam alipiga magoti mbele ya mama. Alitaka kuuliza maswali ishirini. Badala yake akaishika simu mpya, akagusa kioo, akaacha sauti isikike.

"Enyonam wangu, umeamkaje? Nasema polepole, mwenzio yuko uani..."

Tabasamu likazimika. Mama Kosiwa aliutazama mkono ulioshika simu, kisha akamtazama mwenye mkono. Chozi lilitoka jicho la kushoto, likafuatwa na jingine. Mkono wake mzima ukaanza kupiga paja, polepole, kama mtu anayejihukumu.

"Usijipige, mama." Enyonam aliukamata mkono. "Sina hasira. Naam, ninayo. Ninayo nyingi. Lakini usijipige."

Mlango wa kijani ukagongwa. Enyonam aliiacha simu mpya juu ya meza ya mlangoni, akafungua.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa cha kichwa kimelegea kwa haraka za njiani, viatu ameviacha nje. Aliingia akiwa amefunga mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa, Enyonam aliuona mwanya. Mwanya wa meno ya mbele, uleule wa Mama Kosiwa, ambao yeye Enyonam utotoni alikuwa akiutafuta kwenye kioo asiupate.

"Mama," alisema yule wa Lomé. Akachuchumaa chini kabisa, kama binti anavyomsalimu mzazi wake, akashindwa kuinuka.

Mama Kosiwa alitoa mguno uliotoka mbali. Mkono wake ulitua kichwani mwa mgeni, ukapapasa shavu, sikio, shingo, kana kwamba unahesabu kama vyote vimefika.

Enyonam alirudi nyuma hatua moja. Halafu nyingine. Akajikuta ameegemea kabati la vyombo alilolifuta vumbi kila Jumamosi tangu akiwa na miaka saba, na kwa ghafla hakujua aweke wapi mikono yake, kama mgeni aliyefika wakati wa chakula.

"Nitawaachia nafasi," alisema.

"Ukitoka, na mimi natoka," alijibu yule wa Lomé bila kugeuka. Alijipangusa uso kwa khanga. "Miaka kumi na miwili nasikia sauti yako nyuma ya sauti ya mama. Nilikuonea wivu mpaka nikaumwa. Halafu nikakuzoea. Siku usipoimba, nilikuwa nauliza. Rudi hapa, dada."

Enyonam hakusogea.

Mama Kosiwa alikuwa ameliona hilo. Mkono wa kushoto uliondoka kwenye shavu la mgeni, ukainuka hewani, ukatanua vidole kuelekea kabatini. Vidole vilikuwa vikiita. Mdomo wake ukaanza kuhangaika, ulimi ukigonga meno na kurudi, mishipa ya shingo imesimama.

"Mama, usijichoshe," walisema wote wawili kwa pamoja.

"Ke," alisema Mama Kosiwa.

Majuma matano hakuna neno lililotoka mdomoni humo.

"Ke... ke..."

"Anataka nini? Kenkey, lile donge la mahindi?" aliuliza yule wa Lomé.

Mama alitikisa kichwa kwa hasira. Alimkazia Enyonam macho, wala si kwa kubahatisha, na akalisukuma neno lote nje kama mtu anayeviringisha jiwe kutoka mlangoni.

"Kekeli."

Likatoka safi. Mkono ukiwa bado umemnyooshea yeye.

Enyonam alijigusa kifuani. "Mimi? Mama, Kekeli ni mimi?"

Mama Kosiwa aliinamisha kichwa. Ndiyo. Akakiinamisha tena. Ndiyo, ndiyo.

Kumbe kichanga kilikuwa na jina. Kumbe muda ulikuwepo.

Enyonam alikuwa ameshageuka kumwita mjomba, aliposikia kishindo. Yule wa Lomé alikuwa ameanguka kutoka kuchuchumaa, ameketi sakafuni, uso umempauka.

"Rudia," alisema. "Amesema nani?"

"Kekeli. Kwa nini? Unalijua?"

"Nyuma ya nyumba ya baba yangu, Lomé, kuna kaburi dogo lenye vigae vyeupe. Tangu nina akili, kila mwaka baba hunituma nikalipalilie. Nilikuwa nikimuuliza ni la nani, ananiambia ni la mdogo wangu wa tumbo moja, alikufa akiwa na siku nane." Aliushika mguu wa kiti cha mama. "Kwenye kigae pameandikwa jina, dada. Pameandikwa Kekeli Folly."

Enyonam alihesabu moyoni. Mtoto wa Afi hawezi kuwa na kaburi kwa Folly. Mtoto wa Afi hawezi kuitwa Folly.

Alimtazama mama. Mama Kosiwa alikuwa amefumba macho, machozi yakipita chini ya kope, na mkono wake umeushika mkono wa yule wa Lomé kwa nguvu.

"Mjomba!" Enyonam aliita. "Mjomba Agbeko! Kaburini mle mlimzika nani?"

Alitoka mbio hadi barazani.

Kiti cha kukunja kilikuwa kimeangushwa chali. Geti la uani lilikuwa bado linayumba. Na juu ya meza ya mlangoni, pale alipoiacha alipomfungulia mgeni, simu mpya haikuwepo.